Si Mbili

Huku Aranmula, kando ya mto Pampa,
kioo hakifanywi kwa kioo.
Ni shaba na bati, kwa kipimo ambacho baba
alikificha hata kwa mkewe,
na bamba likishapoa, ndipo zamu ya mama:
mafuta, unga wa udongo uliochomwa, kipande cha mahameli,
siku tatu, nne, mkono unakwenda, unarudi,
mpaka shaba isahau kwamba ni shaba.

Jumanne alikuja Jayanandan, mwana wa mwalimu,
kanyoa kichwa, kajitanda shuka nyeupe ya mwanafunzi,
miezi saba tu katika nyumba ya watawa
na tayari anatembea kama mtu aliyebeba yai.
Alitaka kioo cha kumpa mkuu wao.
Mama akamtajia bei. Akatabasamu.
"Mama, anayetoa na anayepokea ni mmoja.
Mawimbi ni majina tu, maji ni yale yale.
Hakuna wa pili."
"Vyema," mama akasema, mkono haukusimama,
"basi huyo mmoja alete rupia elfu nne,
na asiombe kupunguziwa."

Nilicheka. Naye akacheka, na katika kicheko hicho
nikamwona mvulana aliyekuwa akituibia mapapai.

"Lete chanda," mama akamwambia.
Kwanza akampa kioo cha dukani, cha kunyolea ndevu:
ncha ya kidole na ncha ya kivuli chake
zikasimama mbalimbali, punje ya mchele katikati,
kama wapangaji wasiosalimiana.
Kisha akampa chetu. Akagusa.
Kidole kikakutana na kidole.
Hapakuwa na mwanya hata wa kupitisha pumzi.
Akanyamaza, yule aliyekuja na maneno.
"Umeona?" mama akauliza. "Haya, tazama tena.
Kucha ni chafu huku,
na huko ni chafu."

Alilipa zote, bila kupungua hata senti.

Lakini usiku ndio unaonishinda.
Mke na mume, watu husema, ni chanda na pete;
pete ya baba tuliivua kwa sabuni
kabla ya kuni na moto.
Tangu hapo mama hulala ukingoni mwa mkeka
akimwachia nafasi,
na alfajiri humgombeza: mbona tanuri limepoa?
Nilitaka kumuuliza, na kwa ukali, nakiri:
kama hakuna wawili,
upana wote huu ni wa nani?
Sikuuliza. Nilichukua mahameli.

Siku ya nne ya kusugua kuna saa
ambayo haitangulizi hodi.
Ulikuwa unaona bamba, na uso wako ndani yake
kama mtu aliye ng'ambo ya moshi;
unapepesa jicho, bamba halipo.
Uso tu.
Mama akainama begani pangu kukagua kazi.
"Pua hiyo," akasema, polepole. "Pua hiyo na ukaidi wake."
Akanyoosha mkono. Kidole chake kikagusa kidole chake
juu ya pua ya baba
katika uso wangu,
na mimi, niliyefundishwa hesabu na masista wa Kozhencherry,
nikashindwa kuhesabu tulikuwa wangapi pale.

Si mimi.
Si yeye.
Hizo si mbili, zikisogeleana,
jicho linasoma: sisi.

Sijui kama ndicho alichokisema Jayanandan.
Najua kwamba madini haya hayapindi kama shaba,
yakianguka hupasuka kama yai,
na kila kipande, hata cha ukubwa wa ukucha,
hukuonyesha mbingu nzima bila kuipunguza.
Nilitaka kumwambia mama hayo.
Alikwisha kukiinua kioo kwenye mwanga wa dirisha,
akakigeuza, akakunja uso.
"Kuna mkwaruzo hapa pembeni, Sulochana.
Sugua."